Zamu ya Mkubwa

Nilimwuliza Mwalimu mara nyingi kwa nini kwao walipigana, na kila mara alinipa jibu jipya. Siku moja alisema ni wakubwa wawili waliogombania kiti kimoja. Nikaridhika, maana hiyo naielewa, hata hapa Kajiado tunayo. Siku nyingine akasema hapana, ni mafuta: yakishapatikana chini ya malisho, malisho hayana mwenyewe tena. Halafu akasema ni bunduki. Zamani vijana wa kwao waliibiana ng'ombe kwa mikuki, akifa mtu wazee wanakaa, wanalipa ng'ombe wa damu, mambo yanaisha. Zilipokuja bunduki, maiti wakazidi ng'ombe. "Sasa si uchague jibu moja ulishike, Mwalimu," nikamwambia, nimekasirika kabisa. "Mimi ni dalali. Sipendi bei inayobadilika kila nikiuliza." Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepotelewa na nchi. "Wewe unataka sababu moja kwa sababu hukuwa huko," akasema.

Ni kweli mimi ni dalali. Kazi yangu ni soko la mifugo la Kajiado, na kulala kwangu ni Kitengela, kwenye ploti ya vyumba iliyojengwa mahali baba yangu alipokuwa akilisha ndama. Sasa nalipa kodi hapo. Cheka tu, hata mimi nilishacheka nikachoka. Mwalimu alikaa chumba cha kuelekeana na changu, yeye na kijana wake. Kwao Sudan Kusini alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mke wake alifariki kwa ugonjwa wakiwa njiani kuja huku, na juu ya hilo hakuongeza neno, nami sikuchokoza. Hapa Kitengela hakuwa na shule, lakini jina lilimganda. Watoto wa ploti walimpelekea hesabu zao za nyumbani na yeye aliwafokea kwa sauti ya chini, ile sauti inayouma kuliko kiboko.

Kabila lake sitalitaja, wala lile lingine walilopigana nalo. Alinikataza. "Ukitaka kusema habari zangu, sema," aliniambia. "Lakini hayo majina mawili yaache yapumzike. Yamefanya kazi nyingi."

Alikuwa mrefu mpaka ilikuwa tabu. Fundi aliyejenga ile ploti alipima milango kwa watu wa kawaida, kwa hivyo Mwalimu aligonga kichwa kila mara, na kila akigonga aliuambia mlango, "Samahani." Mama wa chumba cha mwisho, Mkikuyu anayeuza mboga kutoka Loitokitok, alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. "Mwalimu, huo mlango utaukosea mpaka lini?" Naye anajibu, "Mpaka unisamehe, mama." Hivyo ndivyo alivyokuwa na watu, mpole, mtani kidogo, shati limepigwa pasi hata kama haendi popote. Ungedhani ni mtu asiye na jambo moyoni.

Siku za soko alikuwa akija nami Kajiado. Hakuja kununua. Alikuja kuona ng'ombe, vile wengine wanavyoenda kuona mpira. Na alikuwa na dharau, huyo mzee! Mimi nikimwonyesha fahali wangu aliyenona, mwenye mgongo kama meza, yeye anauliza, "Pembe ziko wapi?" Kwao ng'ombe ni pembe na rangi. Uzito ni mambo ya bucha. Mimi napapasa nyonga, nabonyeza mbavu, nawaza kilo. Yeye anarudi nyuma hatua kadhaa, anafumba jicho moja, anamtazama ng'ombe kama mtu anayechagua kanisa la kufungia ndoa. Siku moja aliletwa dume kutoka upande wa mpakani, mweupe mwenye mabaka mekundu, pembe moja imeinuka, nyingine imepinda mbele ya uso. Mimi niliona hasara. Mwalimu aliinua mikono yote miwili juu, mmoja umenyooka, mwingine umejikunja kama ile pembe, akaanza kuimba kwa lugha yao katikati ya mavi na kelele. Wanunuzi wakanyamaza. Halafu wakacheka, halafu wakanyamaza tena, maana hakuacha.

Mwenye bucha akamnunua yule dume. Mwalimu akamfuata yule mtu akamshika mkono, akamwambia, "Nakuomba uchinje vizuri." Tulipokuwa tunarudi aliniambia kwamba kijana wa kwao akipewa dume lake anatunga wimbo wake, na watu wanamwita kijana huyo kwa rangi ya dume. "Mtoto wangu mkubwa analo kama lile," akasema. Nikaitika tu. Ilinichukua muda kugundua kwamba alisema "analo," na kwamba huyo mtoto mkubwa sikuwahi kumwona.

Sisi wawili tuligombana pia, tena sana. Kuna wakati nilikuwa namlalamikia juu ya ardhi yetu, vile wazee wetu walivyouza kipande hapa kipande pale, mpaka Kitengela yote imekuwa mabati na vumbi la saruji, na ng'ombe wakipita lami wanapigiwa honi kama wevi. Yeye akasikiliza mpaka mwisho. "Nyinyi mmepoteza nchi bila risasi hata moja," akasema. Nilisimama. Nilimwambia afunge mdomo, kwamba yeye ni mgeni, kwamba alikimbia kwake na sasa anakuja kunifundisha juu ya kwangu. Papa lai, baba yangu, nilisema maneno! Kesho yake asubuhi alinibishia hodi na chai mkononi. "Jana nilisema vibaya," akasema. "Nilitaka kusema nakuonea wivu."

Na huyo mpole nilimwona akiwaka mara moja tu. Ulikuwa msimu wa kampeni. Tulikuwa kwa kinyozi, redio iko juu, watu wamejaa kwenye benchi. Jamaa mmoja akatoa mzaha juu ya watu wa kuja, kwamba uchaguzi ukiisha watafungashiwa virago warudi walikotoka, na kwamba yeye ameshachagua nyumba atakayohamia. Tukacheka. Mimi nilicheka, na yule mama wa mboga aliyeleta mtoto kunyolewa alicheka pia, ingawa mzaha ulikuwa juu yake. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Aliinuka na shuka shingoni, akazima redio, akamkabili yule jamaa. "Rudia," akamwambia. Jamaa akasema, "Mzee, si ni story tu?" "Rudia, na wewe mama usicheke. Kwetu tulicheka hivi hivi. Nilikuwa na mwalimu wa hesabu, rafiki yangu, mtu wa kabila lile lingine, tulitaniana kila siku kwamba siku moja nitamla au atanila. Tulicheka mpaka wiki ile ile risasi zilipoanza." Akaketi. Kinyozi alimaliza ile nusu iliyobaki, na hakuna aliyewasha redio.

Nikamwuliza baadaye kama hilo ndilo jibu lenyewe, kwamba vita vilianza na kicheko. Akasema siyo. Akasema wakati wa mapumziko pale shuleni kwake, hata kabla ya uhuru wao, watoto walikuwa wakigawana timu za mpira kwa makabila bila kuambiwa na mtu. Yeye aliona. Alifikiri bendera ikija wataacha. Bendera ikaja, watu wakacheza ngoma siku nyingi, na hakuna aliyerudi nyuma kukaa chini na kulipa damu ya vile vita vya kabla ya uhuru, waliyomwagiana wenyewe kwa wenyewe. Wakubwa walisema yaliyopita yamepita. "Deni la damu halipiti," akasema Mwalimu. "Linakaa na kuzaa."

Sasa nifike kwa wanawe, maana huko ndiko maisha yake yote yalikofungwa.

Walikuwa wawili. Risasi zilipoanza Juba, askari walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu maswali kwa lugha yao, na ukijibu vibaya umekwisha. Yule mkubwa alikuwa ametoka kwenda kumchukua shangazi yake mtaa wa pili. Shangazi alifika. Mkubwa hakufika. Hakuna aliyemwona amelala, hakuna aliyemwona anakimbia. Basi Mwalimu akaendelea kusema "anapenda," "anajua," "analo." Mtu akikosea akasema "marehemu" juu yake, Mwalimu anaondoka, anagonga kichwa mlangoni, na siku hiyo haombi samahani.

Kwao kuna mila ambayo mwanzoni iliniogopesha. Mwanamume akifa bila mtoto hawamwachi apotee. Jamaa wanatoa ng'ombe, wanamwoa msichana kwa jina la marehemu, na ndugu yake aliye hai anaingia katika nyumba ile. Watoto wakizaliwa ni wa yule aliye chini ya ardhi, wanaitwa kwa jina lake. Ndugu mzazi anabaki baba mdogo tu. Nikamwambia Mwalimu, "Hiyo ni kuoa kaburi." Akaniuliza, kwani kwetu mjane akizaa, mtoto ni wa nani? Nikakubali, maana kwetu pia ni wa yule aliyelipa ng'ombe, hata kama alishaliwa na fisi.

Na mila ya pili ni kama yetu: ndugu wanaoa kwa zamu. Mdogo hamruki mkubwa.

Wazee wa ukoo wake walikuja Kitengela kumwambia amwolee mkubwa, ng'ombe wangechangwa na jamaa walioko Australia. Niliwapikia mbuzi mimi mwenyewe. Mwalimu aliwasikiliza kwa heshima, akawauliza swali moja tu. "Nani kati yenu alimzika?" Wakatazamana. Akawashukuru kwa safari, akawasindikiza mpaka barabara ya Namanga.

Huyo mdogo alikuwa ameshageuka mtu wa hapa hapa, akiuza kwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, Sheng imejaa mdomoni, kijana mzuri sana. Akampenda msichana wa nchi yao, baba yake anakaa ploti ya tatu kutoka kwetu. Na huyo baba alikuwa wa kabila lile lingine! Sote tulishika vichwa. Mama wa mboga akasema, "Hapo sasa Mzee atakufa na presha." Lakini Mwalimu na yule baba walikuwa wakinywa kahawa ya tangawizi pamoja kila Jumapili baada ya kanisa, na juu ya ile wiki ya Juba hawakuzungumza hata siku moja. Kijana alipomwambia, Mwalimu alisema, "Msichana mzuri. Baba yake ni mtu. Ngoja kaka yako aoe kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Damu aliisamehe, zamu hakuisamehe. Mimi hata leo sielewi, na kuelewa naelewa.

Miaka ikaenda. Kijana akanijia sokoni Kajiado, amechoka uso. "Uncle, ongea na mzae. Mimi niko na miaka thelathini na kitu. Dem ananiuliza tunangoja nani, nimwambie nini? Tunangoja mtu hatujui ako wapi?" Nikamchukua baba wa msichana, tukaingia kwa Mwalimu kama wajumbe, na sukari na blanketi kama inavyotakiwa. Nilizungumza siku hiyo, nakwambia. Nimeuza ng'ombe vipofu katika maisha yangu, lakini siku hiyo nilizungumza vizuri kuliko siku zote.

Mwalimu akasema, "Kama mkubwa yuko hai, ni zamu yake. Kama amekufa, bado ni zamu yake, tumwolee kwanza."

"Basi sema amekufa," nikamwambia. "Tumwolee huyo, na huyu apate wake."

"Nani alimzika?"

"Mwalimu, basi sema yuko hai na umruhusu mdogo!"

"Nikimruhusu mdogo, nimesema mkubwa hatarudi."

Baba wa msichana aliweka kikombe chini. Alisema polepole, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Ndugu yangu, watu wangu walikuchukulia mmoja. Huyu wa pili unamchukua mwenyewe." Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Sawa. Nitaenda kumtafuta. Nikimpata nitamleta aoe. Nikipata kaburi, nitakuja kukuambia ni mimi nimeliona. Halafu mtaniacha nioe." Sote tukamtazama Mwalimu, tukingoja akataze. Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga.

Kijana akaenda na lori la bidhaa. Wakati huo walikuwa wametia sahihi amani yao, na watu walikuwa wakienda na kurudi. Alipiga simu akiwa Juba, mchangamfu, akiniambia, "Uncle, ng'ombe za huku ziko na pembe kama za story!" Akapiga tena kutoka kaskazini, kwamba kuna mtu anasema alimwona kaka yake kwenye kambi moja miaka ile, lakini huyo mtu anasema pia alimwona akiwa na ndevu nyeupe, kwa hivyo yeye hajui aamini nini. Alisema atasogea mbele kidogo. Baada ya hapo dereva mmoja ndiye aliyepiga. Walivamiwa barabarani na vijana wenye bunduki, hata hawakuwa wa upande wowote, ni vijana tu walioachiwa bunduki vita vilipoisha. Waliuawa baadhi. Dereva alimzika mtoto wa Mwalimu kwa mikono yake, kando ya barabara, na alimweleza Mwalimu mti na kilima na upande wa kichwa.

Matanga yalifanyika pale ploti. Mwalimu aliwahudumia watu chai mwenyewe. Msichana alikuja akakaa kwenye ngazi, hakulia, na mwaka uliofuata baba yake akahamia Rongai, akamwoza huko kwa mtu mwingine. Sikumlaumu, na Mwalimu pia hakumlaumu. Kodi ikanishinda nami nikahamia Kajiado mjini, nikawa simwoni.

Hivi majuzi, siku ya soko, nikamwona akishuka basi. Amekonda, lakini shati limepigwa pasi. "Sopa, Mwalimu!" "Epa," akajibu, kama Mmasai. Tulisalimiana kwa mkono mrefu. Akasema, "Nimekuja kutafuta ng'ombe. Safari hii ni wa kununua." Ndugu zake walikuwa wamechanga kweli, na msichana alikuwa amepatikana, yatima wa ukoo mwingine, na binamu mmoja wa upande wa Mwalimu alikubali kuingia nyumba ile. Moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe. Nikajiambia, hatimaye. Nikawaita wenye ng'ombe, tukatembea zizi kwa zizi. Alichagua kwa rangi, mimi nikamchagulia mitamba yenye afya, tukabishana kama zamani. Walipokusanywa upande mmoja wa ua, mwenye mifugo, mzee wa kwetu, akachukua majani mabichi ili abariki, maana ng'ombe wa mahari hawatoki hivi hivi.

"Nitaje jina gani?" mzee akauliza. "Nani anaoa?"

Mwalimu akamtaja yule mdogo.

Niliona uso wake ukibadilika, nami nikaelewa palepale alichokielewa yeye: mdogo hamruki mkubwa, hata kaburini. Nikamshika kiwiko. "Mtaje mkubwa kwanza," nikamnong'oneza. "Gawa hawa ng'ombe mara mbili. Mwolee mkubwa leo, mdogo atafuata. Sema tu neno moja, Mwalimu. Sema alikufa. Hata kama ni uongo, sema."

"Na akija?"

"Akija tutachinja dume!"

"Akija ataniuliza mdogo wake yuko wapi," akasema. "Nitamwambia alikwenda kukutafuta. Ataniuliza ni nani alimtuma. Sasa nikishamzika kwa mdomo, huyo mdogo alikwenda kutafuta nini? Alikufa kwa kitu gani?"

Mimi, ambaye mdomo ndio shamba langu, nilitokwa na machozi mbele ya wanunuzi. Mzee wetu alikuwa bado ameshika majani, akitutazama mmoja mmoja. Alisema kwa Kimaasai kwamba jua linapanda, na ng'ombe hawajanywa maji. Mwalimu akaniomba nimwambie amsamehe. Nikamwambia. Mzee akayatupa majani, akapiga mluzi, ng'ombe wakageuka kurudi walikotoka.

Nimempigia Mwalimu wiki hii. Yuko salama, anafundisha watoto wa ploti hesabu. Mkubwa hajafa, na mdogo, kule kando ya barabara, bado anangoja zamu yake.